Sahani Kumi na Tisa za Birikani

Mimi ni mtu wa hasira, na kinachonipandisha hasira kuliko vyote ni fujo. Nikiingia nyumba ya mtu nikakuta viatu vimetupwa mlangoni, mguu huku na mguu kule, mkono unaniwasha. Nawaambia mapema, ili tukifika mbele msije mkaniuliza, "Mwajabu, akili zako zilikuwa wapi?" Zilikuwa kwenye fujo. Na leo nikikaa kuisimulia habari hii nasema alhamdulillahi, maana kosa nililolifanya Birikani, lau ningelifanya kwa watu wengine, kazi hii ningekuwa nimeshaiacha zamani.

Kazi yangu ni kupanga maghala ndani ya Matofali. Asiyeujua mchezo wa Matofali siku hizi labda mtoto aliye tumboni. Unavaa miwani, unavaa glovu, unajikuta kwenye nchi ya matofali unayoyavunja na kuyajenga upya upendavyo, na kila unachokiokota unakitia sandukuni. Binadamu ni yule yule, huku nje na kule ndani: anaokota, anatia, anasahau. Mwisho ana masanduku mia mbili na hajui mwiko wake uko wapi. Hapo ndipo ananiita mimi.

Aliyeniita safari hii ni Bi Kibibi, mwenyekiti wa mtaa wa Birikani. Mtaa wenyewe haupo tena. Una miaka kumi na minane chini ya maji ya bwawa, na watu wake wametawanyika: wengine Korogwe, wengine Dodoma, wengine Muskati, na mmoja yuko Ufini anauza maua. Lakini kabla maji hayajafika walizunguka na kamba wakapima kila ukuta, wakaujenga mtaa mzima ndani ya Matofali. Nyumba sitini na mbili, msikiti wao, na birika la kutawadhia lenye ufa wake ule ule. Tangu hapo arusi zao ziko huko, hitima zao ziko huko, na futari zao hivyo hivyo.

"Jumamosi namwoza mjukuu wangu," Bi Kibibi aliniambia siku ya kwanza, tumesimama uwanjani. "Wageni mia sita. Na mtaa umekuwa mzito, mwanangu, hata kunyanyua mguu ni kazi. Juzi Somoe, jirani yangu, kapiga hatua mlangoni kwake, kazama sakafuni mpaka kiunoni. Tumemng'oa kama muhogo."

"Mmejaza vitu, bibi. Mtaa hauna pa kupumulia."

"Ala! Mtoto una mdomo wewe."

"Si ndiyo kazi uliyoniitia?"

Akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. "Haya, panga. Lakini kitu cha mtu kisitupwe."

"Sitatupa hata kijiko."

Na kweli sikutupa. Pengine ningetupa, kesi ingekuwa ndogo.

Alinitembeza nyumba kwa nyumba akinitajia wenyewe. Tulipofika ya arobaini na moja hakugonga. Mlango ulikuwa umefungwa, na mbele yake nyasi zimeota mpaka kwenye kizingiti. "Hapa kwa Mzee Mhina," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu mkewe, Mwanamvua, afariki, hajatia mguu humu. Miaka mitatu. Tumempigia simu, tumemtumia watu. Basi tena." Akapitisha kiganja ukutani, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala, tukaendelea.

*

Nilianza na jiko la Bi Somoe. Masanduku tisa. Nikafungua la kwanza: sahani ya bati yenye nukta ya kijani kitakoni, bakuli lenye msalaba wa rangi ya kucha, sinia lililokwaruzwa herufi K. Kila mwanamke aliyewahi kupeleka chombo kwenye shughuli anazijua alama hizi. Usipoitia alama sufuria yako, utarudishiwa ya mwenzio iliyotoboka. Lakini alama ya Bi Somoe ni mistari miwili myeupe, na humo sandukuni hamkuwa na hata chombo kimoja cha mistari miwili. Nikafungua la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Vyake nilivikuta kwa Bi Kibibi, na kwa watu wengine kumi na wanne.

Jambo moja lilinishangaza kidogo. Kila baada ya nyumba tatu nne nilikuta sahani yenye nukta nyekundu, na popote ilipokuwa, ilikuwa juu ya kila kitu, imefungwa kwenye kitambaa kisafi. Nikasema moyoni, watu wana mambo. Sikuuliza.

Sasa vumilieni kidogo nieleze ufundi. Ndani ya Matofali kila kitu kinamjua aliyekitengeneza. Kikikaa kwenye sanduku la mwenyewe, ulimwengu unakisahau mpaka kiguswe, hakina uzito wowote. Kikikaa kwa mtu mwingine, ulimwengu unavuta uzi kutoka pale kilipo mpaka kwa mwenyewe, na unaulinda uzi huo mchana kutwa na usiku kucha. Uzi mmoja si kitu. Birikani nilikuta nyuzi elfu kumi na nne na ushei. Nilipoziwasha nizione kwa macho, zilijaa kutoka jiko hadi jiko, hata njia ya kupita sikuiona.

Dawa ninayo. Sisi mafundi wa Matofali tunatumia viungo, yaani programu ndogo tunazozibandika juu ya mchezo ili ufanye yale ambayo waliouunda hawakuyawaza. Birikani wana kiungo cha moto wa kuni, wana cha harufu, na wana cha ladha: unaweka kidonge chini ya ulimi, na pilau iliyopikwa kule ndani unaisikia mdomoni mpaka iliki. Mimi nina changu, nimekiandika mwenyewe kwa miaka mitatu, nakiita Chekeche. Chekeche kinapita sanduku kwa sanduku, kinasoma alama, kinarudisha kila kitu kwa mwenyewe. Haki tupu. Hakimu gani atakufanyia hivyo?

Nikawaza: watu hawa wameazimana vyombo miaka yote, na hakuna mwenye haya ya kurudisha. Aibu gani hii! Sikumwambia Bi Kibibi, maana niliona namsitiri.

Alhamisi saa sita mchana nikachukua nakala ya mtaa wote kama ulivyokuwa, ndiyo desturi yangu kabla ya kazi kubwa. Kisha nikawasha Chekeche, nikavua miwani, nikaenda kukaanga dagaa. Naishi peke yangu Korogwe, ghorofa ya tatu, na jirani yangu wa mlango wa pili namjua kwa kikohozi tu. Nikala, nikalala kidogo. Nilipoamka saa kumi kasoro, Chekeche kilikuwa kimemaliza. Nikaingia Birikani, nikaruka uwanjani kwa mguu mmoja, na mtaa ulikuwa mwepesi kama pamba. Nyuzi elfu kumi na nne, hakuna hata moja. Niliona fahari, wallahi. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Simu ikalia.

*

"Mwajabu, kazi iache." Alikuwa Bi Kibibi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Arusi haipo."

"Kuna nini tena, bibi?"

"Somoe kanirudishia vyombo vyangu vyote. Ishirini na vitatu. Vitupu!"

Nikavua miwani.

"Vitupu, mwanangu! Miaka arobaini ukuta mmoja! Nampigia nimuulize nimemkosea nini, naye ananijia juu, eti mimi ndiye niliyeanza, nimemrudishia vyake vitupu. Muongo mkubwa! Na huku mama yake bwana arusi, yule wa nyumba ya thelathini, karudishiwa tupu sinia alilotuletea posa. Anasema basi, wameelewa kwamba binti hatumtoi. Mtaa mzima hawasemeshani. Hata sijui shetani gani katupitia."

Shetani gani! Nilikuwa nimekaa kitandani na soksi moja mguuni.

Nilikuwa na miaka saba, Muheza, nikilelewa na bibi yangu mzaa mama. Jirani alituletea kaimati kwenye sahani ya maua. Tulipomaliza nikaiosha, nikairudisha mbio, najiona mtoto mwema. Bibi akaniuliza, "Umetia nini?" Nikasema sijatia kitu. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. "Sahani hairudi tupu, wewe! Umekwenda kumwambia mwenzangu yaishe!" Akanipa mayai matatu na limau moja, akanirudisha nikaombe radhi, na njiani nililia kwa sababu sikujua kosa langu ni lipi. Ukiwa na cha kutia, unatia, hata chumvi. Ukiwa huna, unabaki nayo. Inakaa kwako mwezi, inakaa mwaka, na kila ukiiona unamkumbuka mwenyewe, na yeye anajua mtaonana.

Hayo niliyajua. Nililelewa nayo. Nikayasahau kwa sababu ya sifa za kupanga masanduku.

"Bibi," nikasema, "nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nini? Wewe unajua kutengeneza masanduku, mioyo ya watu utaiweza?"

Nikakata simu, nikavaa miwani.

*

Nakala nilikuwa nayo. Nikibonyeza kitufe kimoja, Birikani inarudi kama ilivyokuwa saa sita mchana, kila sahani kwenye jiko ilimokuwa, na yote yaliyofanyika baada ya hapo yanafutika. Kwa watu ningesema ni hitilafu ya mitambo. Nani angebisha? Bi Kibibi angemkumbatia Bi Somoe, wangecheka, arusi ingechezwa, na mimi ningebaki fundi Mwajabu asiyekosea.

Kidole kilikuwa kimeshafika. Lakini nina desturi nyingine, na namshukuru Mungu kwa desturi: kabla ya kufuta, nasoma ninachokifuta. Nikafungua orodha ya yaliyofanyika tangu saa sita. Mtu kafungua sanduku, kalifunga kwa kishindo. Mtu kang'oa mlango wa uani unaomwingiza kwa jirani. Mtu kavunja benchi. Yafutike, nikasema, yafutike haraka. Mstari mmoja ulisema: Nyumba ya arobaini na moja. Mhina Kilua. Ameingia saa nane na dakika ishirini. Bado yumo.

Nikatoka mbio.

Nyasi za kizingitini zilikuwa zimefyekwa. Mlango uko wazi, moshi unatoka.

"Hodi!"

"Karibu, pita huku jikoni, nina mikono michafu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alikuwa mzee mrefu, kajifunga kanga ya kike kiunoni juu ya kikoi. Hakuniuliza jina. Alichota mchuzi kwenye mwiko akanisogezea. "Onja hii. Kidonge unacho?"

Nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikaonja. Kunde za nazi. Lo!

"Chumvi imezidi, mzee wangu."

"Imezidi sana?"

"Imezidi vya kutosha."

"Basi ndiyo hivyo hivyo." Akacheka kidogo. "Mwenyewe alikuwa akinifukuza jikoni. Alisema mkono wangu una bahari."

Mwenyewe. Nikatazama chini. Juu ya mkeka zilikuwa zimepangwa sahani za nukta nyekundu, na pembeni kuna vitambaa vimekunjwa. Chekeche kilirudisha na vitambaa.

"Niko Dodoma kwa binti yangu," akasema, akikoroga bila kuniangalia. "Nimejilaza, simu ikaniambia sanduku lako limepokea vitu kumi na tisa. Sanduku gani? Nikavaa miwani kwa hofu. Nikakuta sahani za mke wangu. Siku alipolazwa hospitali, asubuhi yake alikuwa amegawa mchuzi wa kunde mtaani. Sahani kumi na tisa. Hakutoka tena. Na mimi, mwanangu, miaka mitatu yote nilikuwa nikijilaza najua kitu kimoja: sahani za Mwanamvua ziko kwa watu. Mtu hajamalizika huyo. Leo zimerudi, na zote tupu."

Mwiko ukasimama.

"Wameniambia, mwenyewe hayupo, basi yaishe. Nikalia. Halafu hasira ikanipanda. Yaishe? Na mimi je, sipo? Nikasema nitapika mimi, nitazipeleka mimi, mlango kwa mlango, tuone atakayethubutu kunirudishia tupu mara ya pili. Nimeshapeleka sita. Hawapo, sijui wamekwenda wapi, nimewaachia kizingitini."

Walikuwa kwenye simu, wanatukanana. Kwa sababu yangu.

Nilisimama pale na kitufe mkononi. Nikibonyeza, moto ule unazimika. Nyasi zinaota tena mlangoni. Sahani sita zinatoka vizingitini, zinarudi sandukuni kwenye vitambaa, na mzee huyu anajikuta Dodoma na ladha ya chumvi mdomoni, na mlango wake umefungwa kama alivyouacha. Nisipobonyeza, arusi ya watu inakufa, na majirani wa miaka arobaini wanabaki maadui kwa uongo. Na nitasema kweli, hata kama inaniaibisha: kilichonivuta kwenye kitufe zaidi haikuwa arusi. Lilikuwa jina langu.

Bibi yangu alikuwa na msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikavuta pumzi.

"Mzee, hakuna aliyekurudishia sahani. Ni mimi."

Akageuka. "Wewe nani?"

"Naitwa Mwajabu. Nimeitwa kupanga maghala. Nina mashine inarudisha vitu kwa wenyewe, nikaiwasha bila kuuliza mtu. Imerudisha vyombo vya mtaa mzima."

"Watu hawakuzirudisha?"

"Hata mmoja. Mpaka leo saa sita zilikuwa makwao. Kila nyumba niliyokuta sahani yenye nukta nyekundu, ilikuwa imewekwa juu ya vyombo vyote, imefungwa kitambaa. Nikashangaa kwa nini. Sasa najua."

Alikalia mbuzi ya nazi iliyokuwa nyuma yake, akajifunika uso kwa mkono. Mabega yalimtikisika. Nilidhani nimemuua. Kumbe alipoondoa mkono uso ulikuwa umelowa na unacheka.

"Zilikuwa juu?"

"Juu kabisa, mzee."

"Na kitambaa?"

"Na kitambaa kisafi."

"Mwanamvua," akasema, si kwangu. "Umesikia hayo?"

Nikamweleza habari ya kitufe, na arusi, na ugomvi. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi bonyeza. Arusi ya watoto isife kwa ajili ya mchuzi wa chumvi."

"Na wewe?"

"Mimi nitapika siku nyingine."

Alisema hivyo, lakini mkono wake haukuuachia ule mwiko. Mtu aliyekaa miaka mitatu nje ya mlango wake haingii mara mbili kwa kuambiwa. Na zaidi ya hapo, mzee aliyeumizwa na mimi alikuwa ananipa kile kidogo alichokipata, ili mimi nisitahayari. Nilijiona mdogo, jamani. Nikaifuta nakala. Sikuificha wala sikuihamisha, niliifuta kabisa, mbele yake, kabla moyo haujanigeuka.

"Umefanya nini?"

"Nimejifungia mlango wa kukimbilia. Mzee, hebu nisaidie kumwita Bi Kibibi uwanjani. Akiniua, uwe shahidi."

*

Walikuja wote. Waliposikia Mhina yuko ndani ya mtaa, hata waliokuwa wameapa kutokanyaga tena walivaa miwani. Walisimama makundi makundi, kila mtu kampa mwenzake mgongo. Nikapanda kwenye ukingo wa birika nikawaambia. Sikusema hitilafu. Nilisema mimi, Mwajabu, mjukuu wa mwanamke wa Muheza aliyenifundisha sahani hairudi tupu, nimerudisha vyombo vyenu elfu kumi na nne vikiwa vitupu, na hamkugombana ila kwa sababu yangu.

Halafu Bi Kibibi akaja mbele.

"Elfu kumi na nne!"

"Ndiyo, bibi."

"Nimekuambia kitu cha mtu kisitupwe."

"Sikutupa..."

"Bora ungetupa! Ungetupa ningejua umetuibia, ningekutukana, yangekwisha. Wewe umetutupa sisi! Nimemwita Somoe mchawi leo. Somoe! Aliyenizikia mume wangu! Toka mbele yangu, usimame pale, nisikuone!"

Nikasimama pale.

Ndipo Bi Somoe akatoka katikati ya watu, mwanamke mfupi, mnene, mwendo wa kubingirika. Mkononi alikuwa na sahani ya nukta nyekundu. Alikuwa ameikuta kizingitini kwake wakati anakuja.

"Nani kapika hii?" akauliza. "Nimeionja. Ina chumvi ya kuulia konokono."

"Mimi," akasema Mzee Mhina.

Bi Somoe alimtazama na ile kanga ya mkewe kiunoni. Kisha akamgeukia Bi Kibibi, akampa ile sahani mkononi, na Bi Kibibi akachovya kidole, akaonja. Nikaona machozi yanamtoka yule mama aliyekuwa akinifokea.

"Mhina kapika," akasema. "Jamani, Mhina kapika, na sisi tumesimama hapa tunatazamana kama mbuzi? Somoe, nisamehe mdomo wangu."

"Nikusamehe mara ngapi? Kanga yako ya juzi ninayo pia, na hiyo sirudishi."

Mtu akacheka nyuma, mwingine akadakia. Sikujua nani wa kwanza kuondoka, ila baada ya muda mfupi nilisikia kuni zinapasuliwa nyumba ya tatu, na harufu ya kitunguu ikaingia uwanjani. Mpaka magharibi yanaingia, kila jiko la Birikani lilikuwa linatoa moshi. Ijumaa nzima watu walipita na sahani: maandazi, kisamvu, viazi vya nazi, na asiye na muda wa kupika alitia tende tatu au kipande cha sukari guru. Mama yake bwana arusi alipelekewa sinia lake na Bi Kibibi mwenyewe, limejaa vitumbua, na alilipokea kwa mikono miwili. Yule wa Ufini hakujua kupika kitu. Alipeleka maua nyumba sitini na moja.

Mimi nilibaki na nyuzi. Ziliongezeka mbele ya macho yangu, mia, elfu, elfu tano, na mtaa ukaanza kuwa mzito tena. Kazi yangu yote ilikuwa inafumuka, na nilifurahi mpaka nikajishangaa. Nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikaacha vyombo vya watu, nikapanga mawe, mbao, na madirisha yaliyobaki tangu ujenzi. Hayo hakuna anayeyadai. Uzito ulipungua kwa theluthi moja, basi.

Kwa hiyo Jumamosi arusi ilichezwa polepole. Bibi arusi alichukua dakika arobaini kuvuka uwanja. Vigelegele vilikuwa vinatufikia midomo imeshafungwa. Bi Somoe alizama tena, safari hii mpaka magotini, akaamua kubaki hapo hapo akacheza kwa mabega. Hakuna aliyelalamika. Bi Kibibi alinipita mara mbili bila kunisemesha. Mara ya tatu akasimama, akanirekebishia ushungi wangu uliokuwa umekaa upande.

"Unakaa na nani huko Korogwe?"

"Peke yangu, bibi."

"Ndiyo maana," akasema. "Nyuma ya birika kuna stoo haina mtu. Weka sanduku lako. Mtu asiye na jiko mtaani atajuaje mambo ya watu?"

Niliinama nikamshika mikono.

Jioni ile ile Mzee Mhina alikuja kwenye stoo yangu, akapiga hodi pasipo mlango, maana mlango nilikuwa bado sijaujenga. Alikuwa na sahani moja, imefunikwa.

"Kumi na nane zimefika," akasema. "Ya kumi na tisa ilikuwa kwa Bi Rehema wa nyumba ya mwisho. Naye ametangulia, na nyumba ilifungwa. Hii haina pa kwenda. Chukua."

"Mzee, mimi ndiye niliyeiharibu..."

"Nimekuuliza?"

Nikaipokea. Kunde za nazi, na chumvi ile ile.

Hayo yana mwaka mmoja na nusu sasa. Sahani hiyo nimeirudisha mara nane, na mara nane imenirudia: mimi natia bamia, yeye anatia kunde. Chumvi hajaiweza bado. Sasa iko kwangu, juu ya kila kitu, kwenye kitambaa. Na Chekeche sikukitupa, nakitumia kwingine, lakini nimekifundisha kuuliza kwanza. Kila nikifungua sanduku langu la Birikani kinaona nukta nyekundu, kinaniandikia kwa adabu: Kitu hiki si chako. Kirudishwe kwa mwenyewe?

Asubuhi hii kimeniuliza tena, nami nina mwiko mkononi. Nikakiandikia: Bado. Mchuzi haujaiva.